Ukiitwa na Mlembe: Ya Kufanya na Kutofanya

Ukimsikia, simama. Uwe na mzigo wa kuni kichwani, uwe umechelewa gulio la Rulenge, tua mzigo kwanza umjibu. Haya ni maagizo, si mashauri. Nimeyaandika kwa yeyote anayeingia mapori ya Ngara na Biharamulo na shoka begani, ndoo mkononi na hamu ya asali. Miaka hii nimewaona vijana wengi mno wakipita chini ya mti ambao ndege analia juu yake kwa nguvu zake zote, nao wameziba masikio kwa muziki wa simu. Ndege hulia, huhama mti, hulia tena, mwisho hukata tamaa. Akikata tamaa mara kumi, ya kumi na moja haji.

Mjue kabla hujamfuata

Mlembe, yaani ndege wa asali, ana uzito wa gramu 50 hivi, na kwa sura hana cha kukuvutia. Dume ana koo jeusi, doa jeupe shavuni na mdomo wa rangi ya waridi. Jike ni kahawia tupu. Kinda aliyetoka tunduni karibuni ana manjano kooni na kifuani, hata wengi humdhani ni ndege wa aina nyingine. Usihangaike na rangi. Mtazame anaporuka: manyoya ya pembeni mwa mkia ni meupe na huyakunjua makusudi ili umwone. Kisha sikiliza. Sauti yake ya kuita ni kama kijiti kinachopitishwa haraka kwenye meno ya chanuo, tena na tena, bila kupumzika. Usiichanganye na wimbo wa dume anayetafuta jike, ambaye hukaa mti uleule siku nenda siku rudi akiimba. Huyo hakuiti wewe. Mwache na shughuli zake.

Mjibu kwa sauti ya kwenu, wala usiibadilishe

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo tunapopotea.

Jike la mlembe halijengi kiota. Hutaga katika tundu la ndege mwingine, la keremkerem kwenye kingo za udongo au la zuwakulu ndani ya mti mkavu, na mara nyingi huyatoboa mayai anayoyakuta humo. Kinda wake huanguliwa kipofu, hana hata unyoya, lakini ncha ya mdomo wake ina ndoana kali, na kwa ndoana hiyo huwauma watoto wa mwenye nyumba mpaka wafe. Sisemi haya ili umchukie. Nataka uelewe kwamba mlembe hulelewa na wageni wasiojua lolote kuhusu nta. Hana mama wa kumwonyesha binadamu ni nani wala anaitikaje. Hamu ya kuongoza inaelekea anazaliwa nayo. Sauti za watu wa mahali anapoishi hujifunza mwenyewe ukubwani, kwa kusikia na kwa kushiba.

Jambo hili limepimwa. Mwaka 2016 watafiti Claire Spottiswoode pamoja na Keith na Colleen Begg walichapisha matokeo ya kazi yao katika hifadhi ya Niassa, Msumbiji, ng'ambo ya mto Ruvuma ukitokea Tunduru. Warina asali wa Kiyao huko huita ndege kwa sauti ya mtetemo wa midomo inayomalizika kwa mguno mfupi. Kwa sauti hiyo, uwezekano wa mtu kuongozwa ulipanda kutoka asilimia 33 hadi 66, na uwezekano wa safari nzima kuishia penye nyuki ukapanda kutoka 17 hadi 54. Sauti nyingine za binadamu au za wanyama hazikufua dafu. Kisha mwaka 2023 Spottiswoode na Brian Wood wakaleta jaribio la pili, na hili ni la nyumbani. Wahadzabe wa bonde la ziwa Eyasi hawatetemeshi midomo; wao hupiga mluzi wenye madaha. Huko kwa Wahadzabe, ndege walishirikiana na mluzi wa Kihadzabe zaidi ya mara tatu kuliko walivyoshirikiana na sauti ya Kiyao. Kule Niassa ikawa kinyume: sauti ya Kiyao iliwavuta karibu mara mbili kuliko mluzi wa Kihadzabe. Ndege ni wa aina moja. Kilichotofautiana ni watu waliomzoesha.

Basi agizo ni hili. Nenda kwa mzee wa kijiji chenu aliyewahi kurina asali ya porini, awe Keza, Murusagamba, Nyakahura au Lusahunga, umwombe akufundishe sauti aliyoitumia. Mwombe kwa adabu, umkute amekaa, usimrekodi kwa siri. Ijaribu mbele yake mpaka aseme inatosha. Huo ndio mluzi wako. Usiupambe, usiuchanganye na wa kijana uliyemwona kwenye video akitoka mkoa mwingine. Kila mrinaji akija na sauti yake, ndege hana cha kujifunza.

Usitumie simu. Wapo wanaocheza sauti ya ndege iliyorekodiwa ili aje. Anayekuja anakuja kutafuta mwenzake au mpinzani, hamkuti, na wewe umemfundisha kwamba binadamu ni mwongo.

Usimwite kama huna nia

Usipige mluzi kumwonyesha mgeni, wala kwa mazoezi ukienda zako shambani. Ukiita, uwe na moto, chombo na saa za kutosha. Akija ukamwacha katikati ya njia, umemtia hasara ya nusu siku.

Mfuate kwa jicho moja juu na jicho moja chini

Hussein Isack, Mkenya, pamoja na H.-U. Reyer waliandamana na Waborana wa kaskazini mwa Kenya kwa miaka mitatu, na mwaka 1989 wakaandika walichokiona. Mborana asiye na ndege alitafuta nyuki kwa wastani wa saa 8.9. Aliyeongozwa alitumia saa 3.2. Waborana walikuwa wakisema siku zote kwamba ndege huwaambia mengi: upande wa kwenda, umbali uliobaki, na kwamba sasa tumefika. Walipopimwa, ikaonekana wanasema kweli. Kadiri nyuki wanavyokaribia, ndege hutua matawi ya chini zaidi na safari zake za kuruka huwa fupi. Akifika, sauti hupungua, hutulia karibu na mti na kukaa kimya.

Kwa hiyo usikimbie. Usimpite mbele. Ongea au piga mluzi mdogomdogo ili ajue bado upo nyuma yake, na akinyamaza, nyamaza nawe utazame mashina na mapango, utafute nyuki wanaoingia na kutoka. Wengi hufika mahali hasa, ndege akanyamaza, wao wakadhani amewatoroka, wakaondoka kwa hasira. Asali walikuwa wameisimamia.

Jicho la chini ni la nyoka na la nyati. Wazee katika jamii nyingi za Afrika husema ndege aliyedhulumiwa humpeleka mtu kwa koboko au simba kama adhabu. Kama ni kisasi au ni bahati mbaya, mwenye kuvamiwa hapati tofauti. Tembea na mwenzako. Usiingie kichaka kizito kwa sababu tu ndege ameingia. Yeye ana mabawa.

Na ukifika mpaka wa Hifadhi ya Taifa Burigi-Chato, rudi. Hapa sitaki ubishi. Mapori ya akiba ya Biharamulo, Burigi na Kimisi yaliunganishwa mwaka 2019 yakawa hifadhi ya taifa yenye kilomita za mraba 4,707, na kuingia humo bila kibali kurina asali ni kosa, hata kama babu yako alizaliwa ndani yake. Ndege haujui mpaka, wewe unaujua. Najua uchungu wa kumwona akikuita ng'ambo ya mpaka, umepiga magoti uvae viatu vizuri, halafu inabidi ugeuke. Geuka. Mrinaji akikamatwa akiwa na moto hifadhini, hawaambii askari kwamba aliongozwa. Anaitwa jangili kama majangili wengine, na sote wenye ndoo na shoka tunaangaliwa kwa jicho hilo. Vivyo hivyo kwa mto Kagera na Ruvubu: mlembe akivukia Rwanda au Burundi, mwitikie kwa heshima ukiwa Tanzania, kisha nenda zako.

Mzinga wa mtu ni wa mtu

Ndege hatofautishi tundu la mti na mzinga ulioning'inizwa. Nyuki ni nyuki kwake, naye atakupeleka kwenye mzinga wa jirani kwa furaha ileile. Ukifika ukaona gogo lililochongwa, kamba, kipande cha bati juu, alama ya shoka kwenye shina au njia iliyofyekwa, umefika kwa mtu. Usiguse. Usionje hata kidole. Methali inasema mchovya asali hachovyi mara moja, na nimeona undugu wa miaka thelathini ukivunjika Biharamulo kwa mzinga mmoja uliofunguliwa usiku. Mrudie ndege, umpigie mluzi, umtoe hapo taratibu mwanze upya. Mara nyingi ana tundu jingine analolijua. Ukimfahamu mwenye mzinga, mwambie nyuki wake wameonekana na mzinga una uzito. Atakukumbuka siku ya kurina.

Sheria ya Ufugaji Nyuki ya mwaka 2002 ipo na inawahusu warinaji kama inavyowahusu wafugaji. Isome, au muulize ofisa nyuki wa wilaya yako akueleze. Usisubiri kuisomewa mahakamani.

Moto ubebe, usiuwashe

Kuanzia Juni hadi Septemba majani ya miombo yamekauka, na cheche moja inaweza kuvuka mabonde matatu kabla ya magharibi. Nimesimama kwenye kilima upande wa Nyakanazi usiku nikahesabu mistari ya moto mitano. Mmojawapo, nilikuja kujua, ulianzia chini ya mti wa nyuki. Aliyeuwasha alipata ndoo moja. Msitu ulioungua ulikuwa na maua ya msimu uliofuata, na nyuki wanaoyategemea maua hayo, na ndege anayewategemea nyuki.

Usiwashe moto chini ya mti. Usichome tundu ili kuwamaliza nyuki; mrinaji anayeua kundi amekata mkono wake mwenyewe. Tumia bomba la moshi kama unalo. Kama huna, funga mwenge mnene wa magome na majani mabichi yaliyozunguka kiini kikavu, utoe moshi bila ndimi za moto. Fyeka na kwangua majani makavu upana wa hatua tatu kuzunguka shina kabla ya kusogeza mwenge. Nenda na maji, hata lita tano. Ukimaliza, zima, mwaga maji, weka mkono juu ya majivu. Yakiwa ya moto, hujamaliza.

Moshi ni wa kutuliza, si wa kuadhibu. Nyuki wakiusikia hukimbilia kujaza matumbo yao asali, na moshi huo hufunika harufu ya hatari wanayoitoa wanapouma. Harufu hiyo inafanana na ya ndizi mbivu, na kwa watu wa Kagera neno hili si dogo: usile ndizi mbivu kabla ya kupanda kwenye nyuki, wala usiende umekunywa pombe ya ndizi. Kuna mlevi mmoja tuliyemteremsha mtini akiwa amevimba macho yote mawili. Alipona. Si wote hupona. Ukiumwa, ng'oa mwiba upesi kwa kuukwangua, ondoka mahali hapo, na ukiona mtu anavimba midomo au anakosa pumzi, acha asali, acha ndoo, acha kila kitu umkimbize zahanati.

Rina jioni au alfajiri, baridi ikiwepo. Mchana wa jua kali nyuki wetu hawana msamaha.

Shoka lipanue tundu, lisiangushe mti

Mti wenye nyuki ni mti ambao nyuki watarudi. Uangushe leo ule ndoo mbili. Uache, upanue tundu kiasi cha mkono kupita, uzibe kwa gome na udongo ukimaliza, nawe utakuja kula hapo miaka. Waborana waliochunguzwa na Isack na Reyer waliufanya ukweli mwingine uonekane: asilimia 96 ya viota vya nyuki walivyovifikia ndege asingeweza kuvila bila mtu mwenye chombo. Shoka lako ndilo mlembe analokuhitajia. Ukilitumia kumaliza miti, umetumia kiungo cha urafiki kuuvunja urafiki.

Nimeuona upande wa Ngara ambapo miti ilikwisha. Mwishoni mwa Aprili 1994 watu kama 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda ndani ya muda wa siku moja tu, wakikimbia mauaji, na kambi ya Benaco ikawa mji kabla ya jua kuzama mara mbili. Watu wale walihitaji kuni za kupikia na miti ya kuezekea, na hakuna mwenye moyo angewanyima. Vilima vilivyozunguka kambi vikabaki vipara. Sizungumzi kuwalaumu wakimbizi. Nazungumza na sisi wenyeji ambao miaka thelathini baadaye tunakata wenyewe, bila vita wala njaa, kwa ajili ya magunia ya mkaa yanayopangwa kandokando ya barabara ya Nyakanazi, na kwa ajili ya kuni za kukaushia tumbaku. Mninga na mtundu haioti kama mahindi.

Usimenye gome zima la mti ili utengeneze mzinga. Mzinga wa gome hukaa miaka michache, na mti uliomenywa hufa palepale. Chonga gogo la mti ulioanguka wenyewe, au nunua mbao utengeneze mzinga wa kisasa.

Na miti mikavu yenye matundu, ile mnayoiita haina faida, iacheni imesimama. Humo ndimo zuwakulu na kigong'ota wanamochimba, na humo ndimo mlembe anamopata wa kumlelea kinda. Kingo za udongo za vijito msizivunje kwa kuchimba mchanga ovyo. Keremkerem wana vitundu vyao hapo. Ukimaliza walezi, usishangae mlelewa hayupo.

Nyegere

Usimuue ukimkuta kwenye mti wa nyuki. Hadithi kwamba mlembe humwongoza nyegere kama anavyotuongoza sisi ni ya zamani, na watafiti walipowauliza warinaji karibu 400 katika nchi mbalimbali za Afrika, wengi walisema hawajawahi kuona. Lakini waliosema wameona kwa macho yao wengi walitoka Tanzania, Wahadzabe wakiwamo. Mwenye macho porini hapaswi kumuua shahidi.

Lipa

Hili ndilo la mwisho kwa mpangilio wa kazi, ila kwa uzito lilipaswa kutangulia.

Mlembe hataki asali. Anataka nta, na majana, na mayai ya nyuki. Tumbo lake linaimeng'enya nta, jambo ambalo wanyama wachache sana wanaliweza. Mwaka 1588 padri Mreno João dos Santos alikuwa Sofala, pwani ya Msumbiji ya leo, akawaona ndege wadogo wakiingia kanisani kwake na kudonoa mishumaa ya nta madhabahuni. Aliandika pia kwamba ndege hao huwaongoza watu kwenye asali. Kwa hiyo huu ushirikiano tunaouzungumzia ulikuwa mkongwe tayari wakati Wareno wanaushangaa, na malipo yalikuwa yaleyale: nta.

Kwa hiyo kabla hujaweka sega la kwanza ndooni, tenga la ndege. Lisiwe makombo meusi uliyoyakanyaga. Chagua kipande chenye majana ndani yake, ukubwa wa kiganja, ukiweke juu ya majani mabichi kwenye kisiki au panda ya mti, mahali anapoweza kukiona akiwa juu. Wayao wa Niassa hufanya hivyo, huweka nta juu ya majani mabichi ili ing'ae machoni pa ndege. Usikifukie, usikimwagie majivu, usikitupe kwenye nyasi wanakokipata siafu kabla yake.

Nimeambiwa mara nyingi na wajuzi wa barazani kwamba kuna watu wasiolipa. Ni kweli. Wahadzabe wengi hukusanya nta iliyobaki na kuichoma au kuificha, kwa hoja kwamba ndege mwenye njaa ataongoza tena leo hii hii. Wood na wenzake, katika vipimo walivyochapisha mwaka 2014, walikuta asilimia 8 hadi 10 ya chakula chote cha Wahadzabe hupatikana kwa msaada wa ndege huyu, na ndege hawajawakimbia. Lakini Mhadzabe anarina karibu kila siku ya msimu, kizazi hadi kizazi, na mabaki madogomadogo hayakosekani kamwe. Ndege wake hajawahi kukosa sababu ya kumwamini. Wewe wa Ngara unaingia porini mara tatu kwa mwaka. Ukimnyima mara hizo tatu, umemnyima mwaka mzima. Usijilinganishe na watu wanaoishi kwa ndege, nawe unaishi kwa mahindi, migomba na duka la jirani.

Herbert Friedmann, aliyeandika kitabu kizima juu ya ndege hawa mwaka 1955, alishaona kwamba mahali watu walipoacha kurina asali ya porini na kununua sukari, ndege nao huacha kuongoza. Si kwamba wamekufa. Wapo mitini, wanadonoa wadudu, wanaruka, wanaimba. Wameacha tu kutuita. Nimetembea sehemu za Ngara karibu na barabara kuu alfajiri nzima, miti ipo, nyuki wapo, nikapiga mluzi niliofundishwa mpaka midomo ikakauka. Hakuna aliyekuja. Sijui jambo porini linalonitia upweke kama hilo.

Wengine wataniambia: serikali imetuhimiza kufuga, kuna sera ya ufugaji nyuki tangu 1998, kuna mizinga ya kisasa, ya nini kuhangaika na ndege? Nami nasema fuga. Fuga mizinga hamsini ukiweza, uza asali safi bila kuichanganya na sukari ya kuchemsha, somesha watoto. Ila mizinga yako ikishajaa nyuki walitoka wapi? Walitoka kwenye makundi ya porini, na makundi ya porini yapo palipo na miti mikubwa. Anayejua kila mti wenye nyuki katika bonde lako ni mlembe. Ukimpoteza umepoteza daftari zima la msitu. Mfugaji mwenye akili huacha siku chache za msimu aingie porini amwitikie, na siku ya kurina mizinga yake mwenyewe huacha nta pembeni kwa ajili yake pia.

Manati ivunjwe

Mtoto akimpiga mlembe kwa manati, mwite. Usimchape mbele za watu. Mvunjie manati mkononi mwako, akiona, kisha kesho alfajiri mwamshe. Mvalishe viatu vilivyofunga, mbebeshe ndoo ndogo, mwambie asipige kelele. Mfundishe mluzi njiani, aurudie mpaka uweze kufumba macho usitofautishe wake na wa babu yake. Mwache yeye aite. Ndege akija, yeye awe mbele yako, wewe nyuma, na akikosea njia usimsemeshe, mwache asikilize tena.

Kazi ya moto na shoka ifanye wewe. Ukishatoa masega, mpe lile la majana alibebe kwa mikono miwili, achume majani mabichi mwenyewe, atandike, aweke. Atakuuliza kama anaweza kulamba kwanza. Mwambie bado. Rudini nyuma hatua ishirini, mkae chini, msiongee, mpaka ndege ashuke.